Njano ya Juu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku kubwa! Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa ametukusanya wafanyakazi wote barazani, kati ya mizani na madebe, akatangaza kwamba pakiti mpya ya maziwa itakuwa na picha ya mtu. Si ua tena. Miaka yote tumeuza maziwa yenye ua, na hakuna hata mmoja wetu anayejua ni ua gani. Sasa kamati inataka uso. Uso wa mfanyakazi wa kweli, wa kuaminika, wa kuvutia. Jina litatajwa Jumatatu ijayo na mpiga picha atakuja Alhamisi, tarehe 13.

Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia. Sikuona mwingine ila mimi.

Mimi ndiye mpima maziwa wa kituo, mwaka wa kumi na tisa huu. Hakuna tone linaloingia bila kupita mbele ya macho yangu. Meno ninayo yote isipokuwa mawili, na hayo yalikuwa ya nyuma. Pua ya wastani. Kasoro ni moja tu, ndogo, iko juu ya macho: sina nywele. Yaani ninazo, lakini zimekaa pembeni kama watu waliochelewa mkutanoni. Katikati hapana kitu.

Kazini huvaa kofia nyeupe, mambo yanapita. Lakini Mwenyekiti kapiga marufuku kofia kwenye picha. Anasema mara ya mwisho tulipopigwa picha tumevaa kofia watu walidhani sisi ni waoka mikate.

Halafu kuna Msitu. Huyu ni dereva wa lori la maziwa. Tulimpa jina hilo kwa sababu ya nywele zake. Kalamu ikipotea ofisini, mtu wa kwanza kuambiwa ainame ni yeye. Tangazo lilipokwisha alijipitishia mkono kichwani, polepole, huku ananiangalia mimi. Uchokozi mtupu!

Watu watasema ni kiburi. Si kiburi, ni mama mkwe. Anakunywa maziwa yetu kila asubuhi, pakiti iko mezani mbele yake. Nimemwoa binti yake miaka kumi na minne na hajaniita mkwe hata siku moja. Ananiita yule kipara. Akipiga simu utasikia: yule kipara yupo? Yule kipara ameshakula? Nataka afungue jokofu anikute mle ndani, nina nywele, natabasamu. Hicho tu. Sitaki kingine duniani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Jaribio la kwanza: nimechana nywele za upande wa kushoto nikazivusha mpaka kulia, nikazilaza kwa mafuta. Zilifika! Kwenye kioo nilionekana mwanasheria. Nikaingia chumba cha baridi, feni ikanipiga, zikasimama zote kwa pamoja kama kifuniko cha birika. Mama Vipimo, karani wetu wa daftari, mwanamke wa miwani minene aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alinyanyua kichwa akauliza ni nani amefunua birika.

Jaribio la pili limetoka kwa mke wangu bila yeye kujua. Alipewa karatasi saluni, ya kliniki ya ngozi. Wanawake wanarudishiwa ngozi ya usoni, wanaume wanarudishiwa nywele. Kwa damu yao wenyewe! Nikatoka kazini moja kwa moja.

Daktari ni kijana mpole, maneno yake yote yana tahadhari. Alinieleza hivi: anatoa damu mkononi, anaizungusha kwenye mashine kwa kasi, damu inajigawa. Nyekundu nzito inashuka chini, njano inapanda juu. Ndani ya ile njano mna chembe zinazogandisha damu na kuponya vidonda. Anaichota, anaidunga kichwani kwa visindano vidogo, na mizizi ya nywele iliyosinzia inaamka.

Mpaka hapo nilisikiliza. Baada ya hapo alisema kwamba tiba hiyo haimfai kila mtu, kwamba lazima urudi mara tatu au nne, kwamba ni miezi kabla hujaona kitu, na kwamba mzizi uliokufa umekufa. Mimi wakati huo nilikuwa natazama picha za ukutani. Nikamwambia nina siku tisa. Akasema nywele hazijui haraka. Nikamwambia zangu zilijua haraka wakati wa kuondoka.

Kesho natolewa damu. Lakini kilichonifurahisha hasa ni hili: kuzungusha mpaka njano ipande juu! Si ndiyo kazi yangu? Kituoni tuna mashine tunayoiita Kizunguzungu. Maziwa yanatiwa kwenye chupa ya kupimia yenye mistari shingoni, yanaongezwa tindikali, yanageuka kahawia iliyokolea kama damu, yanazungushwa, na mafuta yanapanda shingoni, ya njano. Unasoma mstari, umejua maziwa yana mafuta kiasi gani. Miaka kumi na tisa nimekuwa daktari wa ngozi na sikuambiwa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mwandiko wangu leo umekwenda ovyo. Si kwa kukosa damu, ni kwa furaha.

Daktari alitoa damu. Nilitazama dari, nikahesabu vigae, vipo thelathini na viwili. Akaiweka kwenye mashine yake, akabonyeza. Mashine ikazunguka kidogo, ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Daktari alishika kichwa (chenye nywele). Akaomba radhi sana, akasema nirudi wiki ijayo, akatoka kumpigia fundi simu.

Wiki ijayo! Kamati inakaa Jumatatu!

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chupa ya damu yangu ilikuwa pale mezani, ina jina langu. Nikaiingiza ndani ya soksi, nikavuta suruali, nikatoka nachechemea. Dada wa mapokezi akaniambia pole, akadhani nimedungwa mguuni. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama ule ni wizi. Mtu anaweza kujiibia? Nimeamua hawezi.

Kituoni hapakuwa na mtu isipokuwa Mama Vipimo, na yeye alikuwa ukumbini anajumlisha lita. Nikaimimina damu kwenye chupa ya kupimia maziwa ili itoshe mashineni. Sasa, Kizunguzungu kina sharti moja: chupa haiendi peke yake. Lazima iwe na mwenzake upande wa pili, uzito sawa, ama sivyo mashine inatembea mezani. Nikatafuta mwenza. Iliyokuwa tayari na tindikali yake ilikuwa ya mwanachama namba 47, yaani maziwa ya ng'ombe wa Msitu. Ndiyo, Msitu pia ana ng'ombe, mmoja tu. Kampa jina Shangazi kwa sababu ya macho yake ya kukemea.

Zikazunguka. Nikazitoa, chupa moja huku, moja huku. Jasho la mikono likafuta namba. Nikatazama: zote mbili zina weusi mwekundu chini na njano juu. Zimefanana kama mapacha!

Lakini mtaalamu habahatishi. Moja ilikuwa na njano kidogo tu, safi, inang'aa dirishani kama asali. Nyingine ilikuwa na njano nyingi, imejaa shingo nzima na kushuka chini yake, imepauka kama chai iliyosahauliwa. Hapo hapo nikajua. Ile iliyopauka ni ya Msitu. Nyingi na nyepesi maana yake ni maji! Miaka mitatu nimemshuku kwamba anatia maji kwenye maziwa, na leo amenaswa. Ile ya asali ndiyo mimi. Si wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji?

Nikaichota asali yangu kwa bomba la kudondoshea nikaipaka utosini, ndani ya stoo ya madebe. Sindano sikutumia. Sindano ni za watu wasiojua kupaka.

Na chupa ya Msitu nimeirudisha mashineni makusudi. Nimeiandika upya 47 kwa mkono wangu. Kanuni yetu ni kwamba chupa ikikutwa ndani ya Kizunguzungu, aliyeikuta anaisoma na kuiandika daftarini kwa wino. Kesho Mama Vipimo ataikuta. Msitu kwisha habari yake.

Ndege wawili kwa jiwe moja! Nalala na kitambaa kichwani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kumekucha utosi unawasha. Dalili njema, mizizi inaamka. Mke wangu kauliza nanuka nini. Nimemwambia sayansi. Paka wa jirani amenifuata mpaka kituoni, na si paka wa kufuata watu.

Saa tatu Mama Vipimo akapiga yowe. Nikakimbia huku nimeshaandaa uso wa masikitiko kwa ajili ya Msitu. Nikamkuta ameegemea ukuta, chupa mkononi, miwani imepanda kwenye paji la uso. Akasema amesoma vipimo tangu ujana wake na hajawahi kuona kitu kama kile. Mistari ya chupa inaishia nane. Mafuta ya Shangazi yamepita nane, yamejaa shingo yote, na bado yapo chini yake! Nilimwuliza kama hayakupauka kidogo. Akasema rangi si kitu, chupa inasoma urefu. Nikamwuliza kama huku chini hapakuwa pekundu mno. Akasema ni tindikali mpya ya mwezi huu. Na alikuwa ameshaandika. Kwa wino.

Nilikaa juu ya debe. Mafuta ya ng'ombe hayajai shingo nzima, hata ng'ombe huyo angekuwa anakula siagi. Njano ile nyingi haikuwa maziwa wala maji. Ilikuwa damu yangu.

Basi kichwani nimepaka nini?

Nimepaka mafuta ya Shangazi na masalio ya tindikali. Nikakimbilia bomba la kuoshea madebe nikaweka kichwa chini yake robo saa. Mwenyekiti akapita, akauliza kuna nini. Nikasema joto.

Mchana simu ya kliniki. Daktari, sauti imelegea kwa huzuni. Akasema ni aibu kubwa kwake, lakini damu yangu imepotea, yaelekea imeibwa, na anachunguza wafanyakazi wake mmoja mmoja. Nikakasirika ipasavyo. Nikamwambia damu ya mtu si kitu cha kuachaachwa mezani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Kituo kimejaa, Msitu amemleta Shangazi. Wafugaji wameacha ng'ombe wao wamekuja kumwona wa Msitu. Wanamwuliza anamlisha nini. Anasema majani. Wanamwuliza siri yake ni nini. Anasema anampenda tu, na jioni humsemesha. Wazee wazima wanatikisa vichwa, wanasema kumbe ndiyo hiyo. Mwenyekiti mwenyewe alimwinamia Shangazi akamsalimu. Shangazi hakuitikia.

Mama Vipimo amegoma kuiosha ile chupa. Ameiweka kwenye kabati ya kioo ya baridi, juu ya kitambaa kilichofumwa, na kikaratasi chenye mwandiko mzuri: Rekodi ya Kituo. Damu yangu! Watu wanapanga foleni kuiangalia. Kuna mama mmoja alijifuta machozi.

Ningeweza kusema ukweli. Lakini nitaanzia wapi? Nitasema mpimaji wa miaka kumi na tisa ameshindwa kujua tofauti ya damu na maziwa? Hapana. Mambo yakiharibika, mtu mwenye busara hunyamaza na kusubiri yaharibike zaidi.

Kichwani wekundu umepungua lakini madoa yametokea, ya kahawia, matatu makubwa na moja dogo karibu na sikio. Mke wangu amenizunguka mara mbili, halafu akasema nimefanana na mtu anayemjua, hamkumbuki ni nani.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Kamati imekaa. Dakika nne tu. Picha ya pakiti: Msitu na Shangazi.

Nililia. Naandika hapa kwa sababu hapa hapana mtu. Nililia chooni na maji yamefunguliwa. Si kwa ajili ya pakiti. Niliona jokofu la mama mkwe likifunguliwa, na ndani yake Msitu, na zile nywele, na mama mkwe akimwambia jirani: kijana mzuri huyu, laiti binti yangu angesubiri.

Halafu nikanawa uso nikapata mpango. Penye nia pana njia! Nikamwendea Mwenyekiti nikamwambia kwamba ng'ombe na dereva, sawa, wanapendeza, lakini mnunuzi atajuaje kwamba maziwa yamepimwa? Lazima pembeni awepo mtaalamu ameshika chupa. Akafikiri. Akasema basi nisimame pembeni, nisizibe ng'ombe. Bila kofia.

Nimo! Pembeni ni pembeni, lakini picha ni picha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Nimechoka mwili na roho. Acha nieleze kwa mpangilio.

Msitu alikuja ameoga, amechana, anang'aa. Shangazi naye alikuwa ameoshwa. Mimi nilipaka madoa poda ya mke wangu. Mpiga picha, bwana mwenye haraka, akatupanga: Msitu katikati na kamba, Shangazi kulia kwake, mimi ukingoni na chupa. Kila alipohesabu tatu, Shangazi alitingishika. Akatazama kando. Akageuza matako. Picha arobaini, arobaini zote ni matako. Msitu akambembeleza, akamsemesha maneno ya jioni mbele ya kamati nzima, wapi!

Halafu upepo ukageuka. Shangazi akanyanyua pua. Akanusa, akanusa tena. Akamvuta Msitu na kamba yake mpaka nilipo, akatoa ulimi mrefu kama taulo, akaanza kunilamba kichwa.

Nilitaka kukimbia. Mpiga picha akapiga kelele nisisogee, ng'ombe ametulia! Mwenyekiti naye akaniamuru kwa jina la ushirika nibaki nilipo. Nikainama, nikafumba macho. Ulimi wa ng'ombe ni msasa. Poda ikaisha. Mafuta yake mwenyewe yaliyojificha kichwani kwangu wiki nzima, aliyadai mpaka tone la mwisho. Wakati wote huo kamera inalia tu.

Mpiga picha akasema ameipata moja, nzuri ajabu. Mwenyekiti akaagiza ipelekwe kiwandani leo leo. Nikauliza kama ninaonekana. Mpiga picha akafikiri, akasema sehemu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku ya maangamizi.

Saa nne, tukiwa ofisini mimi, Mwenyekiti, Msitu na Mama Vipimo, akaingia yule daktari wa ngozi. Amekonda. Alipata anwani ya kazini kwangu kwenye fomu. Akasema hajala vizuri tangu damu yangu ipotee, amekuja kuniomba radhi ana kwa ana, mbele ya wakubwa zangu. Nilijaribu kumtoa nje. Nikamwambia nimesamehe, tena nimesamehe zamani. Akasema hapana, lazima aseme.

Na akiwa anasema, macho yake yakaangukia kabati ya kioo.

Akaisogelea chupa. Akainama, akauliza ni damu ya nani hiyo. Mama Vipimo, kwa hasira, akamwambia si damu, ni mafuta ya Shangazi, rekodi ya kituo. Daktari akasema kwa upole kwamba hapingi habari za shangazi wa mtu, lakini yeye hufanya kazi hiyo kila siku, na ile ni damu iliyozungushwa, na hiyo njano ndiyo anayowadunga wateja wake. Kisha akageuka akaniangalia mimi. Akaangalia madoa. Akauliza nimepaka nini, Mungu wangu.

Mficha uchi hazai. Nikasema yote: soksi, Kizunguzungu, chupa mbili, stoo ya madebe.

Mama Vipimo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akafungua daftari, akalifunga. Maskini, ilikuwa imeandikwa kwa wino. Mwenyekiti aliichukua ile chupa akaisogeza dirishani, akairudisha haraka, akajifuta mikono. Nilidhani Msitu atanipiga. Hakunipiga. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: yaani wewe ulidhani natia maji?

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ilinishika kifuani. Kama dakika mbili hivi.

Mwenyekiti aliamuru picha isimamishwe. Kiwanda kikajibu kwamba pakiti za mwaka mzima zimeshachapwa tangu asubuhi. Akakaa. Akasema kuanzia leo sigusi chupa, naosha madebe. Daktari alinipa dawa ya kupaka kwenye madoa na kunisihi nisipake kitu kingine chochote kichwani, chochote kile, bila kumwuliza. Alirudia mara tatu. Ana moyo mzuri lakini ana tabia ya kurudiarudia.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Madebe mia moja na sita. Mgongo!

Pakiti zimefika. Nimeiona. Katikati: kichwa cha Shangazi chenye madoa ya kahawia, macho yamefumbwa kwa raha, ulimi nje. Chini ya ulimi: kipara changu, kimejaa, kinang'aa, na madoa yake manne. Uso wangu haupo. Ulimi umeufunika wote isipokuwa kidevu. Msitu ni mkono unaoshika kamba. Nywele hata moja haimo! Juu wameandika: Maziwa Yanayopendwa.

Watoto wa mtaani wananiinamishia vichwa nikipita. Mke wangu ameitazama pakiti akakumbuka nilikuwa nimefanana na nani. Amecheka mpaka akakaa sakafuni.

Jumapili tunakwenda kwa mama mkwe. Nimejaribu kuugua, imeshindikana.

Jumapili, tarehe 23 Machi

Naandika haraka, kuna mambo ya kupanga.

Tulimkuta mama mkwe mezani, pakiti mbele yake. Nikaamkia. Akaitikia bila kugeuka, anaitazama pakiti. Nikaketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilisema moyoni, leo jina la yule kipara litaongezwa ukubwa.

Jirani yake alikuwepo, bibi mmoja mwenye macho dhaifu. Akaichukua pakiti, akaisogeza puani, akauliza ng'ombe analamba nini hapo, boga? Mama mkwe akampokonya. Akamwambia, kwa ukali kabisa, boga nini wewe, huyo ni mkwe wangu.

Mkwe wangu!

Nilishika kiti. Mke wangu aliacha kumenya alichokuwa anamenya. Bibi jirani akauliza amemjuaje na uso hauonekani. Mama mkwe akasema yeye hahitaji uso. Akasema kichwa kile amekitazama miaka kumi na minne, angekitambua hata gizani, na kwamba siku ya kwanza alipopeleka pakiti dukani kuwaonyesha wenzake, wote walimwonea wivu, maana wakwe zao wana nywele na hakuna aliyewatia kwenye maziwa. Halafu akaniambia nisogee mezani, mlango una upepo, nitapata mafua ya kichwa.

Nilisogea. Miaka kumi na minne! Na amenijua kwa kipara tu.

Tukiwa njiani kurudi nimelitafakari jambo hili kwa kina. Ikiwa ameniita mkwe nikiwa sina nywele hata moja, je, ataniitaje nikiwa nazo?

Na hapa ndipo habari kubwa ilipo. Jioni hii mbele ya kioo nimeziona. Nywele! Tatu! Ziko utosini, pale pale Shangazi aliponilamba, zimejishikilia kwenye ile dawa nzito ya daktari ninayopaka kila siku tangu nilipoipata. Ni za kahawia, ngumu, fupi, zimelala zote upande mmoja. Zangu zamani zilikuwa nyeusi na za kujikunja, lakini mtu hubadilika akikua. Nimemwonyesha mke wangu. Ameniuliza ni lini mara ya mwisho nilipita kwenye zizi. Nimemwambia ni leo asubuhi, nilipeleka madebe kwa Msitu, Shangazi akanisalimu. Akasema basi. Sijui basi nini.

Kumbe si damu. Si mafuta. Ni ulimi! Daktari na visindano vyake hajui kitu.

Nimempigia simu Msitu nikamwambia nimejutia kosa langu na nataka kuja kumwomba Shangazi radhi, mimi na yeye tu, faragha. Sauti yake ilikatika. Akasema hakujua kama mimi ni muungwana kiasi hicho, na mlango wa zizi uko wazi. Nitaanza kesho alfajiri kabla ya kazi, robo saa ya ulimi kila siku, mwezi mzima.

Chumvi ya kupaka utosini ninayo. Nimechukua ya jikoni yote.